Dada Mkubwa ni Mimi

Kila asubuhi Mélanie aliteka maji bombani, akamwogesha mdogo wake Ruben, akanywa uji, kisha akavaa sare na kwenda shule. Mambo yalibadilika mama yao, Eugénie, alipopata kazi ya kushona katika karakana moja pale kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Karakana haikutaka watoto wachanga. Shule nayo haikuwataka. Baba yao alishafariki, na ndugu wengine walibaki Kongo.

"Utabaki na mtoto kwanza, mwanangu," mama alisema. "Kazi nikiacha, tutakula nini?"

"Na mtihani wa darasa la sita nitafanyia jikoni, mama?"

Mama alichukua mkasi wake, akaenda kazini. Mélanie akamfunga Ruben mgongoni kwa kitenge, akachukua mkoba, akaondoka.

Langoni, bawabu Ekaale alimsalimu kwa Kiturkana, kisha akamzuia. "Ejok, Mélanie. Na mtoto huingii. Mwalimu mkuu amekataa."

"Ejok. Basi nitasomea nje."

Alizunguka ua wa miiba mpaka nyuma ya darasa lao, akasimama juani. Mwalimu alipouliza swali la hesabu na darasa likakaa kimya, sauti ilitoka nje: "Robo tatu!" Wenzake waliangua kicheko. Jibu lilikuwa sahihi.

Kesho yake alirudi. Wiki haijaisha, wasichana wengine watatu walikuwa wamesimama naye, kila mmoja na mtoto mgongoni. Mwalimu mkuu, Bi. Chepngetich, alitoka akifoka.

"Hapa si mahali pa kulea watoto! Wewe Mélanie, nenda nyumbani!"

"Siendi, Mwalimu. Nimekosa nini? Kumbeba ndugu yangu?"

"Hata mimi nina mtoto! Nimemwacha mjini Lodwar, mtaa wa Kanamkemer, kwa dada yangu mkubwa. Mbona simleti hapa?"

"Mimi sina wa kumwachia, Mwalimu. Dada mkubwa ni mimi."

Ruben alinyoosha mkono juu ya ua, akazishika shanga za shingoni mwa Bi. Chepngetich, akacheka. Mwalimu alimtazama, machozi yakamlengalenga.

Jumamosi aliwaita wazazi. Walikata miti, wakaezeka kibanda kando ya jiko la shule, wakakubaliana kwamba akina mama watapokezana kuwatunza watoto. Juma lililofuata, Bi. Chepngetich mwenyewe alifika kutoka Lodwar akiwa na mwanawe.

Kwenye gwaride la asubuhi aliwaambia wanafunzi, "Nilidhani kufunga lango ndiyo nidhamu. Nilikosea. Kanuni isiyojali familia huwafungia nje watoto wenye bidii. Kanuni inayoijali humwezesha mama kufanya kazi na binti kusoma, na mji wetu hupata wauguzi, mafundi na walimu. Mkiona kanuni inaumiza watu, semeni wazi, bila matusi na bila woga."

Kisha akamgeukia Mélanie. "Na wewe, leo utajibu hesabu ukiwa umeketi."