Chumba cha Sinema Chapumua

Semeni ana miaka sita. Kwao Tanga kuna chumba kidogo cha sinema. Zamani kilikuwa stoo.

Baba alipaka ukuta mmoja rangi nyeupe. Picha zinaonekana hapo, kubwa kuliko mlango!

Jumapili mchana, Bibi alikuja kutoka Lushoto kwenye baridi. Alikuja kutazama video ya harusi ya shangazi Mwajabu, binti yake. Siku ya harusi goti lilimuuma. Hakuweza kusafiri.

Baba akafunga dirisha, akashusha pazia zito. Akaziba matundu ya hewa kule juu kwa maboksi. Mama akakunja kanga, akaziba chini ya mlango.

Giza! Picha ikawaka ukutani.

Lakini joto nalo likaja.
Fuu! Fuu! Joto hilo!

Bibi akajipepea kwa mtandio. "Jamani, mnanipika humu?"

Baba akawasha feni. Ngrrrr! Ngrrrr!

"Mwajabu anasema nini?" Bibi akauliza. "Sisikii kitu!"

Baba akazima feni.
Fuu! Fuu! Joto hilo!

Mama akafungua dirisha. Mwanga, waa! Bwana harusi akapotea. Shangazi Mwajabu akapotea. Ukuta ukabaki mweupe.

Mama akafunga dirisha.
Fuu! Fuu! Joto hilo!

Bibi akashika goti, akainuka. "Natoka, wanangu. Kichwa kinazunguka."

Semeni akataka kulia. Bibi atakosa harusi mara ya pili!

Akajitupa mkekani, karibu na mlango. Eh! Shavu lake likapoa. Kaupepo kembamba kalikuwa kanapenya pembeni mwa kanga.

"Bibi, ngoja kidogo! Huku chini kuna upepo!"

Semeni akaivuta kanga, taratibu. Nje ya mlango kulikuwa na kivuli. Mwanga haukuingia. Upepo ukaingia.

Swii...

"Na joto litoke wapi?" Baba akauliza.

Semeni akatazama juu. "Kule, Baba! Kwenye matundu!"

Baba akapanda stuli. Akatoa boksi moja. La pili. La tatu. Mama akatundika kanga mbele ya matundu, mbali kidogo na ukuta. Mwanga ukazuiwa. Joto likapata njia.

Swii... upepo unaingia chini.
Swii... joto linatoka juu.

Hakuna ngrrrr. Hakuna waa.

Wakangoja kidogo. Jasho likakauka kwenye paji la uso wa Bibi. Akavuta pumzi ndefu.

"Ahaa! Sasa nimepona."

Bibi akaketi. Semeni akamwegemea begani.

Ukutani, shangazi Mwajabu alisimama na gauni lake refu. Akasema polepole, na kila neno likasikika:

"Mama, najua goti linakuuma. Lakini kiti chako tumekiweka hapa mbele."

Bibi akafuta machozi, akacheka.

"Nimeshakaa, mwanangu," akajibu. "Haya, endeleeni!"