Gentille na Swali la Diski

Kila Jumatano, masomo yalipokwisha, Gentille alirudi nyumbani, akavua sare, akala bukari, ule ugali wa muhogo, na samaki wadogo wa ndakala alioachiwa na mama yake, kisha akashika njia ya redioni. Redio ile ilikuwa nyumba ya vyumba viwili tu karibu na soko la Baraka, yenye vibao vya sola juu ya bati. Fundi wake alikuwa Placide, mdogo wa baba yake, ambaye Gentille alimwita Tonton. Binti huyu wa miaka kumi na mitatu hakupenda kitu kama kumwona Tonton akifungua mashine iliyokufa na kuifufua.

Jumatano hiyo kulikuwa na kazi ngumu. Kompyuta ya redio ilikuwa kuukuu na imejaa virusi. Iliganda katikati ya matangazo, wasikilizaji wakabaki na kimya. Tonton aliamua kuondoa mfumo wa zamani na kuweka Linux, ambayo hutolewa bure na inaweza kufanya kazi hata kwenye mashine dhaifu.

Mashine yenyewe ilikuwa kaidi. Flashi ya kwanza ilikataliwa kabisa, kwa kuwa Linux iliyokuwamo ilitengenezwa kwa kompyuta mpya zaidi. Tonton akatafuta nyingine, ya mashine za zamani. Hiyo ilianza vizuri, kisha kioo kikawa cheusi. Akaongeza neno moja kwenye mstari wa amri za kuwashia, picha ikarudi, lakini dakika tano baadaye kila kitu kiliganda.

"Kumbukumbu yake ni ndogo, haiwezi kubeba mapicha yote haya," Tonton alisema. "Tutumie njia ya maandishi matupu."

Safari hii kazi ilisonga. Maswali yalitokea moja moja kwa Kifaransa, na Gentille aliruhusiwa kujibu: lugha, nchi, jina la mashine. Mara upepo ukavuma na taa ya chumba ikapepesa. Waya mmoja wa sola ulikuwa umelegea juu ya paa.

Tonton akachukua ngazi. Kabla ya kutoka alimtazama Gentille usoni. "Sikia. Diski hii iko na sehemu mbili. Ya kwanza tunaifuta. Ya pili iko na sauti za bantu wanaotafuta ndugu, usiiguse. Ikifika kwenye swali la diski, uniite. Umesikia?"

"Nimesikia, Tonton."

Gentille alizijua sauti hizo. Redio ilikuwa na kipindi cha kutafuta ndugu waliotawanywa na vita. Wiki iliyopita mtangazaji Samira alirudi kutoka mji wa migodi wa Misisi na ujumbe wa watu arobaini na mmoja. Aliuweka wote kwenye kompyuta, akafuta kinasa sauti chake, akavuka ziwa kwenda rasi ya Ubwari, ambako simu hazikushika. Mmoja wa waliorekodiwa alikuwa Dany, kijana wa Mama Vumilia. Mama huyo hakuwa amemsikia mwanawe kwa miaka miwili, na alikuwa ameambiwa aje leo saa kumi.

Swali la diski likatokea. Gentille alisimama ili aite. Kisha akaketi tena. Alikuwa amejibu maswali yote bila kukosea. Kwa nini hili limshinde? Tonton angeshuka na kukuta kazi imekwisha, angefurahi. Akachagua mstari wa juu. Mashine ikamwonya na kumuuliza kama ana hakika. Akabonyeza *Oui*, yaani ndiyo.

Hapo ndipo aliposoma vizuri alichokuwa amekubali: kutumia diski nzima.

Alibonyeza vitufe vya kurudi nyuma, lakini mashine haikujali. Mstari wa buluu ulikuwa umeanza kutembea. Asilimia moja. Asilimia mbili.

"Gentille! Iko inaenda?" Tonton aliita kutoka juu ya bati.

Gentille aliutazama ule mstari wa buluu. "Iko inaenda, Tonton."

Uongo ulimtoka kwa wepesi uliomwogopesha zaidi. Alifikiria kusema kwamba umeme ulikatika, au kwamba ni virusi vilivyokula sauti. Nani angejua? Asilimia nne.

Mtu akabisha hodi. Alikuwa Mama Vumilia, amefika mapema, amevaa kitenge chake cha ibada. "Jambo, mutoto wangu. Nimeshindwa kungoja nyumbani. Nitakaa hapa tu." Akaketi kwenye benchi, akaweka mikono magotini, akaitazama ile kompyuta kana kwamba mwanawe alikuwa ndani yake.

Gentille hakuweza kuvumilia tena. Alipita mbele ya yule mama bila kumwangalia, akakimbia hadi chini ya ngazi. "Tonton, shuka! Nimechagua diski nzima. Nimekudanganya. Inaandika sasa hivi!"

Tonton aliteremka upesi, akaingia ndani na kuchomoa waya wa umeme. Kioo kikazima.

Tonton aliketi, kichwa mikononi. Mama Vumilia alisimama polepole. "Kuna nini, Placide? Mutoto wangu amepotea tena?"

"Sijui, Mama," Tonton alijibu. "Tutatafuta."

Aliwasha kompyuta kwa flashi yake bila kuandika chochote kwenye diski yenye sauti, akachomeka diski nyingine ya nje, akaanzisha programu ndogo ya kutafuta mafaili yaliyofutwa. Alimweleza Gentille, bila kupandisha sauti, kwamba kufuta huondoa orodha kwanza. Sauti zenyewe hubaki mahali pake, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake.

Walingoja zaidi ya saa moja. Hesabu ilikaa kwenye sifuri muda mrefu hivi kwamba Gentille alianza kulia. Kisha ikaruka: tatu, kumi na moja, ishirini na sita. Ilipoishia, sauti zilikuwa thelathini na tisa. Majina yote yalikuwa yamepotea. Kila faili lilibaki na namba tupu.

Ikabidi kusikiliza moja moja. Mwanamke akimtafuta dada yake. Mzee akiwasalimu wajukuu. Kila sauti ngeni ilipoanza, Mama Vumilia alitikisa kichwa, na Gentille akafungua nyingine. Thelathini na saba zilipita hivyo. Ilipofika ya thelathini na nane, kijana mmoja alikohoa, akasema, "Mama, ni mimi Dany. Niko muzima. Naishi Misisi, kwa fundi wa pikipiki, karibu na kanisa..."

Mama Vumilia alianguka magotini na kulitaja jina la mwanawe mara nyingi. Alipotulia, alimvuta Gentille kifuani. "Ungenyamaza, ningemupoteza mara ya pili."

Kesho yake Tonton alinakili sauti zote mahali pawili kabla ya kuigusa mashine. Gentille aliketi kando yake, na swali la diski lilipotokea, walilisoma pamoja. Jioni Linux ilifanya kazi na redio haikuganda tena.

Lakini sauti mbili zilikuwa zimepotea. Kwa kulinganisha na orodha ya karatasi aliyoiacha Samira, walijua zilikuwa za nani, na ndugu za watu hao waliishi Baraka. Gentille alipaswa kwenda kwao kuwaeleza mwenyewe na kuwaahidi kwamba Samira angerudi Misisi kurekodi upya. Njiani alitembea polepole kando ya Tonton, akiwa na hofu.

"Mimi pia nilikosa," Tonton alimwambia. "Ningenakili kwanza, tusingeteseka. Na wewe uliniahidi kuniita, ukafuata kiburi. Kukosea kunampata kila muntu anayefanya kazi. Ila ukificha kosa, linaendelea kuharibu wakati wewe umekaa unalitazama. Jana kila dakika ya uongo ilikuwa inaandika juu ya sauti ya muntu. Ulisema ungali unaogopa, ndiyo maana tulipata thelathini na tisa. Ukikosea, sema mara moja, hata kama sauti inatetemeka."

Walikuwa wamefika kwenye mlango wa nyumba ya kwanza. Gentille akavuta pumzi, akapiga hodi mwenyewe.