Mashine ya Saa ya Ngumbao

Kila alipotoka shule, Nyamvula alivua sare, akaosha vyombo, kisha akatoa kopo lake la saa mbovu. Wasichana wenzake pale Changamwe walikuwa wakiruka kamba. Yeye ameinama na bisibisi yake ndogo, hasikii wala haoni. Walimcheka wakamwita fundi asiye na duka. Hakujali.

Alichokitafuta ni mashine moja tu. Marehemu babake alimwachia saa nzuri ya mkono ya kutia ufunguo, lakini mashine yake ya ndani ililiwa na kutu. Nyamvula aliwasumbua mafundi wa Magongo na wauza mitumba wa Kongowea wampe saa zilizokufa azifungue. Mashine nyingine zilikuwa kubwa mno, nyingine hazikukaa. Iliyokaa ni moja tu, nayo ilichelewa kila siku, airekebishe asiirekebishe.

Ndipo jirani yao Ngumbao, kibarua wa yadi moja ya makontena kule Kipevu, alipomletea saa yake amfutie vumbi lililoingia chini ya kioo. Nyamvula akafungua mfuniko, akafurahi mno. Mashine ilikuwa ile ile aliyoitafuta, tena nzima. Alijua si yake, alijua vizuri sana, ila tamaa ilimshinda mtoto huyu. Akaitia kwenye saa ya babake, na ile inayochelewa akaipachika kwenye saa ya Ngumbao.

"Nimeisafisha tu, Mjomba," alimwambia. Ngumbao akashukuru, akampa na chungwa.

Juma lile msimamizi wa yadi alikuwa ametangaza kwamba Alhamisi ataandika watu wachache kazi ya kudumu, wale watakaowahi langoni alfajiri. Ngumbao alikuwa na watoto kwao Kaloleni, na hakutaka kitu kingine duniani. Siku hiyo aliamka gizani, akatazama saa, akaona bado mapema, akanywa chai yake taratibu. Alipofika, majina yalikuwa yameshaandikwa na lango limefungwa.

Nyamvula aliporudi kutoka shule alimkuta mamake uani na Ngumbao, ambaye ameiweka saa sikioni. Alikuwa akijilaumu, pengine alisahau kuitia ufunguo. Hakumshuku mtu. Nyamvula aliona aibu.

"Hukusahau, Mjomba," alisema. "Mimi niliitoa mashine yako."

Akaeleza yote huku akilia. Mamake alimshika mkono, wakaenda mpaka yadini kumweleza msimamizi. Aliwasikiliza, akasikitika, lakini nafasi zilikuwa zimejaa. Jioni Nyamvula alirudisha kila mashine mahali pake. Saa ya Ngumbao ikatembea sawasawa, na haikumfaa kitu.

Ngumbao aliivaa.

"Mashine mbovu siyo iliyonichelewesha, mwanangu," alisema. "Ungeniambia ni mbovu, ningeijua hivyo, ningetoka nyumbani mapema. Na hiyo nzuri ungeniomba, kwa ajili ya marehemu babako, ningekupa. Kilichoniponza ni kwamba nilikuamini."

Kesho yake, giza bado totoro, Nyamvula alimsikia Ngumbao akifungua mlango, akienda tena langoni kubahatisha kibarua cha siku.