Picha Iliyoganda Saa Nane na Dakika Sita

Dada yangu alikuwa mfasiri wa nyaraka za kisheria, na kazi zake alizifanyia nyumbani, katika chumba cha mwisho chenye dirisha linalotazamana na ukuta wa jirani. Ninayoyaeleza hapa niliyaona kwa macho yangu, isipokuwa sehemu ya mwanzo, ambayo alinisimulia mwenyewe wakati alipokuwa bado anaweza kusimulia. Mimi ni mpima ardhi. Nimezoea kuandika tarehe, saa na kipimo kabla ya kuandika maoni, na hapa pia nitafuata utaratibu huo.

Jumanne, saa saba na dakika arobaini mchana, Mama alimpigia dada simu ya video. Mama aliishi peke yake katika mji mwingine, na kila mchana aliegemeza simu yake kwenye kopo la sukari, akavuta kiti karibu na dirisha, akazungumza na binti yake aliyekuwa mbele ya kompyuta. Siku hiyo walizungumza juu ya mapazia mapya, juu ya jirani mwenye redio isiyonyamaza, na juu yangu mimi, ambaye kwa maoni ya Mama nilikuwa ninazeeka huku nikipima mashamba ya watu wengine. Walicheka. Saa nane na dakika sita Mama aliinama mbele kidogo, akasema, "Hebu sikiliza, kuna jambo."

Picha ikaganda.

Dada alidhani ni mtandao. Akangoja. Alipojaribu kusogeza mshale wa kipanya, haukusogea. Saa iliyo pembeni mwa skrini ilibaki saa nane na dakika sita. Saa tisa na robo simu yake ya mkononi iliita. Alikuwa yule jirani mwenye redio. Mama alikuwa amekutwa kitini, uso wake ukielekea kwenye simu, mdomo wazi kidogo. Daktari alisema ni moyo, na kwamba alikata roho yapata saa nane.

Tulimzika Jumatano. Dada alihudhuria, akalia kama sisi wengine, kisha akarudi kwake jioni hiyohiyo bila kungoja matanga. Kabla ya safari alikuwa amechomeka chaja ya ile kompyuta na kumwapisha mumewe asiiguse.

Nilifika kwao Alhamisi. Shemeji alinipokea mlangoni akiwa na sura ya mtu asiyelala.

"Nenda kaongee naye wewe," alisema. "Mimi nimeambiwa nikikohoa karibu na hiyo laptop nitafute pa kuishi."

Dada alikuwa ameketi mbele ya skrini. Mama alikuwa humo: kiti, dirisha, kiganja cha kulia juu ya goti, mdomo uliofunguka nusu. Nilimwambia dada kwamba kompyuta iliyokwama huzimwa ikawashwa upya, na kwamba picha hii haikuwa imehifadhiwa popote.

"Najua," alijibu. "Ndiyo maana siizimi. Hakumaliza kusema."

"Dada, Mama ameshazikwa."

"Mdogo wangu, mimi sikukata simu. Na yeye hakukata."

Nilihofia akili yake, si kingine. Nikaamua kumthibitishia kwamba picha ile ni picha tu. Ijumaa, saa tatu asubuhi, nilibandika karatasi angavu juu ya kioo na kuchora kwa kalamu nyembamba mzingo wa kichwa cha Mama, mabega na kile kiganja. Nilitaka Jumamosi nimwonyeshe dada kwamba mstari na picha vinalingana, ili akubali kwamba hakuna kitakachosogea humo, leo wala mwakani.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, nilirudisha karatasi mahali pake. Kichwa cha Mama kilikuwa kimepita mstari wangu kwa milimita mbili.

Nilijilaumu kwa uzembe. Nikaweka alama nne kwenye pembe za kioo, nikachora upya. Jumapili, saa ileile, kichwa kilikuwa kimepita kwa milimita nne, na kiganja kilikuwa kimeliacha goti.

Alama zangu nne hazikuwa zimehama.

Siku hiyohiyo niligundua jambo la pili. Nilimuuliza dada kama atakunywa chai. Alinitazama, midomo ikatulia, kisha akajibu, "Baadaye." Kati ya swali na jibu niliweza kuhesabu hadi kumi na moja. Alhamisi alikuwa akinijibu papo hapo. Jioni nilimuuliza tena, nikiwa na saa mkononi. Sekunde kumi na tisa.

Shemeji alinivuta jikoni.

"Kuna fundi ninamjua," alinong'ona. "Wenyewe wanamwita Daktari. Nimlete leo leo. Mke wangu ananiangalia kama mtu aliye chini ya maji."

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa hili ningeweza kulifanya mimi peke yangu. Katika kazi yetu, kipimo kilichochukuliwa mara mbili hakiingizwi kwenye ramani. Hupimwa tena, kutoka alama ileile, hadi tofauti ijirudie. Nilimwambia shemeji angoje hadi Jumanne. Sikumwambia sababu. Nilikuwa na mistari mitatu, nikataka mitano.

Jumatatu: milimita nane. Dada alijibu baada ya dakika mbili.

Jumanne: milimita kumi na sita. Kiganja cha Mama kilikuwa kimeinuka usawa wa kifua, vidole vimenyooka, kama cha mtu anayepapasa kutafuta mlango gizani. Nilimwita dada. Nikasubiri nusu saa. Hakujibu. Hakupepesa macho. Kifua chake kilipanda, kikakaa, kikashuka. Pumzi moja kwa dakika.

Kila alichopungukiwa huyu, aliongezewa yule. Sasa nilikuwa na uhakika. Uhakika huo ulinigharimu siku mbili, na siku mbili hizo zilikuwa za dada, si zangu.

Fundi alifika saa nane mchana, mtu mnene, mcheshi, mwenye mkoba wa bisibisi.

"Mgonjwa yuko wapi?" aliuliza. Alipomwona dada akapunguza sauti. "Samahani, mama. Huyu naye vipi?"

"Mhudumie huyo wa mezani kwanza," shemeji alisema.

Fundi alibonyeza kitufe cha herufi kubwa na kutazama kitaa chake kidogo. Alitueleza kwamba kitaa kikiitika, mashine bado inasikia. Kisipoitika, imekufa ganzi. Tulitazama. Baada ya sekunde ishirini na mbili kitaa kiliwaka.

"Inasikia," alisema polepole. "Ila haina haraka."

Alibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, ili aite orodha ya programu na kuifunga ile iliyokwama. Hakuna kilichotokea. Akachomoa kipanya. Akachomoa waya wa mtandao. Mama alikuwa anatutazama. Akashikilia kitufe cha kuwashia na kuhesabu kwa sauti hadi kumi, kama wafanyavyo mafundi wote. Kisha hadi thelathini. Kisha hadi sitini.

Skrini haikuzimika.

"Hii sijaiona," alisema, na utani ukamtoka.

Akachomoa chaja. Akaigeuza mashine, akaisimamisha kama hema, tumbo likituelekea sisi na kioo kikimwelekea dada. Akafungua skrubu kumi, akainua kifuniko, akaitoa betri na kuiweka juu ya meza. Niliandika saa: nane na dakika arobaini na moja.

Mwanga ulikuwa bado uko kwenye uso wa dada.

Betri ilikuwa mezani. Chaja ilikuwa sakafuni. Tuliuona mwanga ule ukitikisika, kama kuna kitu kinachopita mbele yake. Kilipita taratibu. Kisha kwa kasi. Kisha kukawa giza.

Dada akapepesa macho.

Akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetoka mbali. Akatutazama mmoja mmoja. "Nina njaa," akasema.

Shemeji alipiga magoti akalia. Fundi alicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, akairudisha betri, akawasha mashine, ikawaka vizuri kabisa. Akaizima. Hakungoja hata maji ya kunywa.

Ningependa kuishia hapo.

Wiki ya kwanza dada alikula, akalala, akafagia nyumba nzima. Hakumtaja Mama wala ile simu. Chumba cha kazi hakuingia tena. Nilirudi kazini kwangu nikiwa nimeridhika, na daftari la vipimo nikalifungia kabatini.

Wiki ya nne shemeji alinipigia simu akiwa nje, uani, nilisikia upepo.

"Unaweza kuja?" aliuliza. "Si ugonjwa. Sijui niite nini. Mke wangu ananiheshimu."

"Hilo nalo ni tatizo?"

"Usinicheke. Ananiheshimu kupita kiasi. Nikiingia sebuleni anatoka. Hali meza moja na mimi. Anajifunika kichwa nikipita. Amehamia chumba cha stoo, anasema si vizuri." Sauti yake ikawa ndogo sana. "Jana nimemshukuru kwa chakula. Akainamisha macho. Akaniambia, karibu, mkwe wangu."

Nilifika Jumatano, saa tatu asubuhi. Shemeji alikuwa ameshakwenda kazini. Dada alinifungulia mlango, akanikagua kuanzia juu hadi chini, akasema nimekonda. Alinimiminia chai na kukaa mkabala nami. Alikigeuza kikombe chake kishikio kikawa kushoto, akapuliza mara tatu, akanywa, akafuta mdomo kwa upande wa nyuma wa kiganja. Nimekula na dada yangu tangu utotoni, na sijawahi kumwona akifanya hivyo. Niliyemwona akifanya hivyo, kila asubuhi kwa miaka yote ya maisha yangu, alikuwa mtu mwingine.

Nilisema ninakwenda kuchukua kalamu. Niliingia chumba cha mwisho, nikafunga mlango, nikaitoa kompyuta kabatini, shemeji alikokuwa ameiweka, na kuiwasha. Haikuchomekwa popote. Haikuwa imeunganishwa na mtandao wowote. Niliangalia mara mbili. Nilifungua programu ile ya simu za video, nikatafuta orodha ya mazungumzo, nikashuka hadi ile Jumanne ya mwanzo.

Mazungumzo yale yalikuwa na washiriki wawili. Mbele ya jina la Mama paliandikwa kwamba ametoka, na saa ya kutoka: Jumanne iliyofuata, saa nane na dakika arobaini na moja.

Mbele ya dada hapakuandikwa saa. Paliandikwa: yupo.

Sikusikia mlango ukifunguka. Alikuwa amesimama nyuma yangu, akipangusa mikono kwa kitambaa cha jikoni, bila hasira. Uso ulikuwa wa dada yangu. Aliinama hadi sikioni mwangu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto aliyelala chumba cha pili.

"Mwache, mwanangu."

"Yuko wapi?" niliuliza.

"Lile jambo alilolingoja nimeshamwambia. Tulipishana njiani." Akanishika bega. Mkono ulikuwa wa moto, wa mtu mwenye afya. "Mwanzo ni baridi. Anaita, haitikiwi. Baadaye mtu anazoea."

"Mrudishe."

"Nani akae kule?" aliniuliza kwa upole, na akanisubiri nijibu.

Sikujibu. Nawaandikia haya yote kwa mpangilio wake ili hata hilo lisikosekane: aliniuliza swali, nikapewa muda wa kutosha, na sikujibu. Akatabasamu, akanipigapiga begani, akarudi jikoni. Nilimsikia akifungua bomba, akiimba kwa sauti ya chini wimbo usio na maneno.

Shemeji sijamwambia. Anadhani ni huzuni, na kwamba huzuni hupita.

Kabla ya kufunga kompyuta nilitazama tena yale mazungumzo. Chini ya jina la dada palikuwa na muda aliokaa humo tangu simu ianze: siku ishirini na nane, saa ishirini, dakika kumi na tisa.

Nikiwa bado natazama, ikawa dakika ishirini.