Manyoya ya Bawa la Kushoto

Kila asubuhi Nyaruai alifungua duka la babake la mbegu na dawa za mifugo mjini Kitale, akafuta mizani, akamimina chai kwenye kifuniko cha thermos na kuinywa kimyakimya kabla wakulima hawajaanza kumiminika. Siku hiyo ya soko, mwaka wa 2006, hakufika hata nusu ya kifuniko.

"Sasa madam! Mnauza manyoya ya bata bukini?"

Duka zima liligeuka. Kwenye kaunta alisimama kijana mrefu wa kaptura nyeupe na soksi nyeupe hadi magotini, raba zake zimejaa tope.

"Manyoya?" Sauti ya Nyaruai ilitoka ndogo kama ya kifaranga.

"Eeh. Lakini ya bawa la kushoto pekee."

"Kwani ya kulia yako na ugonjwa gani?" mama mmoja akadakia, na watu wakaangua kicheko.

Kijana hakuona haya. Alitoa mfukoni kinyoya cha badminton kilichochakaa, akaeleza kwamba manyoya ya bawa moja hupinda upande mmoja, ndiyo maana kinyoya huzunguka vizuri hewani. Ukichanganya kushoto na kulia, kinayumba kama mlevi. Kochi wa timu yao ya Bungoma alijua kuvitengeneza kwa mkono. Kijana mwenyewe aliitwa Mukhisa, mwalimu wa shule ya msingi.

"Kwetu wako bata bukini wanne," Nyaruai akasema, akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe. "Lakini wanauma."

"Si mnauza dawa? Nipe namba yako, wakiniuma nikupigie."

Basi hawakumuuma, lakini alipiga. Kila jioni simu ya Nyaruai ililia mara mbili ikakatika, naye akamflashi mara moja. Maana yake, lala salama. Jumamosi ilipofika, alivaa sketi yake ya rangi ya maziwa, akabeba bahasha ya manyoya aliyookota bomani, akaenda Bungoma.

Kochi aliitwa Madam Lastri, mwanamke mfupi kutoka Indonesia ambaye mumewe alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari. Alizaliwa katika kijiji ambacho shangazi zake walibandika manyoya ya bata kwenye vizibo kutwa nzima, na raketi ikamtoa huko ikampeleka Kuala Lumpur na Copenhagen, akicheza wawili wawili, hadi goti lilipokataa. Kiswahili alikuwa amejifunzia sokoni Bungoma.

"Wewe mbele, Mukhisa nyuma," alimwambia Nyaruai akimtia raketi mkononi. "Usigeuke kumwangalia. Sikia pumzi yake tu, bana."

Hapo ndipo Nyaruai alipogundua jambo. Akiwa amempa Mukhisa mgongo, aliweza kuongea.

"Umekosa tena, mwalimu."

"Nilikuwa naangalia kitu ingine."

"Angalia kinyoya."

"Kinyoya hakijasuka nywele."

Nyaruai alicheka mpaka kinyoya kikampita.

Matata yalianza manyoya ya kuokota yalipokwisha. Jioni moja Nyaruai alichukua mkasi, akawafunika bata blanketi mmoja mmoja, akawapunguza manyoya ya bawa la kushoto. Kesho yake kila bata aliyejaribu kuruka alizunguka palepale kama pia.

"Ngai! Nani amenirogea bata upande mmoja?" babake, Mzee Gathii, akalia. Aliita wazee wa kanisa, wakawaombea wale bata kwa sauti kubwa. Nyaruai aliitikia amina pamoja na wengine.

Jumapili iliyofuata Mukhisa alikuja kusalimia wazazi, amevaa koti la kuazima na tai nyekundu. Kama zawadi, alimkabidhi Mzee Gathii kinyoya kipya alichokitengeneza mwenyewe. Mzee alikigeuza, akakisogeza karibu na macho.

"Haya si manyoya ya bata wangu? Nani aliyeyakata?"

Nyaruai alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Mukhisa alimtazama, akangoja, akangoja tena. Kisha akainamisha kichwa.

"Ni mimi, mzee. Nisamehe."

Alifukuzwa na fimbo moja na bata wanne mpaka langoni.

Simu ilinyamaza. "Huyo alitaka bata," binamu yake Kabura akamwambia. "Wewe ulikuwa mlango tu." Nyaruai alilia, akaanza kuamini. Ijumaa simu ikalia, ikaendelea kulia. Alikuwa Madam Lastri.

"Mukhisa anasema ulimwonea haya mbele ya baba yako. Ati kesho mashindanoni atacheza na msichana mwingine wa timu, Phelista. Ni kweli?"

"Si kweli, madam. Sauti ndiyo haikutoka."

"Sikiliza. Mimi nilicheza na Bagyo miaka mingi. Nilijua pumzi yake kuliko yangu. Sikumwambia kitu. Siku tunashinda Copenhagen, medali ikiwa shingoni, ananiuliza pete gani itapendeza msichana wake. Muogeleaji, bana! Mume wangu wa sasa nilimwambia wiki ya kwanza. Nilikuwa nimejifunza."

Asubuhi Nyaruai alimwomba babake amsindikize Bungoma. Mzee alidhani anaenda kukabidhiwa mwizi, akabeba fimbo.

Ukumbini, Mukhisa na Phelista walikuwa wakipasha misuli joto. Nyaruai aliingia uwanjani na gauni lake la kanisani, akasimama mahali pake, mbele, mgongo kwa Mukhisa. Phelista alimtazama, akasogea pembeni. Ng'ambo ya wavu alisimama babake.

"Baba, ni mimi nilikata. Mkasi uko chini ya godoro."

"Na yale maombi yote?"

"Niliitikia amina, baba."

Watu walicheka. Mzee hakucheka. "Yaani unikatie bata sababu ya mchezo?"

Nyaruai alisikia pumzi nyuma yake ikisimama.

"Si mchezo, baba. Nilitaka kuwa na sababu ya kuja Bungoma kila Jumamosi."

"Sababu gani hiyo?"

Kinyume na alivyofundishwa, Nyaruai aligeuka. Alimtazama Mukhisa usoni.

"Nakupenda, mwalimu," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni.