Ndizi Zangu Kwenye Njia ya Asajile

Chwii. Chwii. Chwii.

Ni sauti ya maziwa yakigonga ndoo tupu. Kila siku kabla ya mapambazuko niliisikia ikitoka kwa jirani yangu Asajile. Nyumba zetu hapa mtaa wa Bulyaga zinatenganishwa na migomba michache tu. Mkewe Tulia alikamua. Asajile alifunga madumu kwenye karia ya baiskeli. Ndoo ilipoanza kujaa, sauti ilibadilika ikawa nzito. Hapo na mimi niliamka, nikawasha moto.

Asajile alipopita dirishani kwangu aligonga kengele mara moja, taratibu, asiwaamshe wajukuu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ukungu mzito leo."

"Nitaumeza wote, bibi. Wewe utakuta barabara safi."

Nami nilicheka peke yangu jikoni.

Alibeba maziwa yake na ya majirani watatu. Aliyapeleka kituo cha kukusanyia maziwa, mwendo wa nusu saa. Maziwa yakichelewa huchachuka, na kituo huyakataa. Kwa hiyo alitoka mapema, mvua au baridi. Siku mgongo wangu uliponisumbua, alirudi akanibebea mkungu wangu wa ndizi mpaka barabarani. Hakuomba hata asante.

Barabara yetu ina lami. Walioijenga waliacha ukingo kila upande, upana kama wa kitanda. Walisema ni wa waenda kwa miguu na baiskeli. Lakini sisi tuliona mahali patupu. Mzee Abdala, mwenye duka la mabati na saruji, aliwaambia wateja waegeshe magari hapo. Vijana wa bodaboda walisubiri abiria hapo. Sisi akina mama tulipanga mikungu ya ndizi hapo, ili wenye malori waione vizuri. Mikungu yangu niliifunga kitambaa chekundu cha khanga yangu ya zamani, isichanganyike na ya wenzangu.

Siku moja tulikuwa na mkutano wa mtaa. Asajile alisimama, kofia mkononi.

"Wazazi wangu, ndugu zangu, naomba jambo moja. Ule ukingo tuuache wazi. Kila asubuhi naingia katikati ya barabara kukwepa vitu. Ipo siku nitagongwa."

Nelson, mwalimu kijana ambaye alikuwa amenunua gari mwezi uliopita, alicheka.

"Kaka Asajile, nunua pikipiki! Wenzako tunasonga mbele, wewe bado unakanyaga pedeli!"

Watu walicheka. Mzee Abdala naye akasema, "Mteja wangu akinunua mabati, gari lisimame wapi? Juu ya paa?"

Watu walizidi kucheka. Basi na mimi nikasimama. Nilitaka nami niwachekeshe.

"Mwanangu, ndizi hazina miguu," nikasema. "Wewe una usukani. Zizunguke!"

Walinipigia makofi. Asajile alitabasamu kidogo, akavaa kofia yake, akaketi. Leo nikiyakumbuka makofi yale, masikio yananiuma.

Ilikuwa mwezi wa tano, Jumanne. Ukungu ulikuwa mzito hata sikuona zizi la Asajile. Nilikuwa nimesikia kwamba lori la ndizi litapita mapema. Niliwahi. Niliweka mikungu yangu mitatu mbele ya wenzangu wote, mwanzoni kabisa mwa ukingo, ili niwe wa kwanza kuonekana. Mbele kidogo gari la mteja wa Mzee Abdala lilikuwa limeegeshwa.

Nilisikia kengele ya Asajile. Kisha nikasikia gari likija kwa kasi. Kisha breki. Kisha kishindo.

Nilikimbia. Maziwa yalikuwa yanatiririka kwenye lami, meupe, yakiingia mtaroni. Asajile alilala chali. Gari lilikuwa la Nelson. Kijana alitoka mbio. Alivua koti lake akamfunika Asajile.

"Sikumwona," alisema. "Mama zangu, sikumwona. Alitokeza ghafla."

Watu wakamnyanyua Asajile, huyu mkono, huyu mguu, wakamwingiza garini. Mama mmoja akaiokota baiskeli na kuifuta matope kwa khanga yake, kama vile mwenyewe angerudi jioni kuichukua.

Nami nilifanya nini? Niliivuta mikungu yangu mpaka kwenye majani. Nikafungua vitambaa vyekundu, nikavificha kifuani. Hakuna aliyeniona.

Asajile alikaa hospitali Mbeya miezi miwili. Aliporudi, miguu yake haikuwa inasikia kitu. Madaktari walisema haitasikia tena.

Kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, na kinachojaza mikono hapa ni ndizi. Majirani walikwenda. Mimi sikwenda. Kila nilipoinua panga mbele ya mgomba, mkono ulikataa. Nilijificha nyuma ya migomba michache ile kana kwamba ni msitu.

Sauti ya alfajiri iliendelea, lakini ilikuwa fupi. Walikuwa wameuza ng'ombe mmoja. Tulia alibeba dumu kichwani, akatembea. Mara mbili alifika amechelewa, maziwa yakakataliwa, akarudi nayo. Baiskeli ilikuwapo, imetengenezwa. Tulia anajua kuiendesha tangu usichana. Lakini Asajile alimkataza. Nilimsikia kupitia migomba.

"Barabara ileile, Tulia? Ndizi zilezile, magari yaleyale? Hapana. Watoto wakibaki na baba wa kitandani, wasikose na mama."

"Basi tutakula nini, baba Baraka?"

Nilirudi jikoni kwangu.

Kila Alhamisi alikuja Prisca, muuguzi anayewafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Alikuja kwa baiskeli kutoka Msasani, mtaa wa jirani. Siku moja mvua ilimkuta njiani, akaomba kujikinga barazani kwangu. Nilimpa chai.

"Bibi, huyu ni mgonjwa wangu wa tatu kutoka barabara hii," alisema. "Wote walikuwa kwenye baiskeli au kwa miguu."

"Ajali ni bahati mbaya, binti yangu," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Bibi, ukiacha mlango wa zizi wazi, ng'ombe akala mahindi ya jirani, hiyo ni bahati mbaya?"

Akachukua ufagio wangu akaulaza sakafuni.

"Tuseme huu ni mstari wa barabara. Baiskeli yenye madumu huyumba. Inahitaji nafasi yake, na gari linaloipita liache mita moja na nusu. Ukingo ukiwa wazi, kila mmoja ana njia yake. Ukizibwa, mwenye baiskeli anaingia kwenye njia ya gari. Kwenye ukungu dereva anamwona akiwa amechelewa. Na mtaani sheria inasema mwendo usizidi hamsini. Kwenye ukungu hata hamsini ni nyingi mno."

"Na mwenye baiskeli?"

"Naye awe na taa na nguo inayong'aa. Ageuke kutazama nyuma na kuonyesha mkono kabla ya kuhama. Lakini, bibi, taa haisogezi ndizi."

Nilisogeza kikombe mbali bila kunywa. Nadhani aliona. Hakuuliza. Alinirudishia kikombe mkononi.

"Na huyo aliyeuziba ukingo," nikauliza, "afanywe nini?"

"Auzibue, bibi. Basi."

Mkutano wa pili uliitishwa wiki iliyofuata. Prisca alialikwa kuzungumza. Kwanza alituambia kosa jingine letu. Mtu akiumia barabarani tusimnyanyue mikono na miguu kama gunia. Uti wa mgongo ukivunjika, kumkunja kunaweza kumzidishia. Tumwache alivyo, tumshikilie kichwa kisitikisike, tuite msaada. Ikibidi kumwondoa, tumlaze juu ya ubao au mlango, watu wengi tukimwinua kwa pamoja.

"Kwa hiyo sisi ndio tuliomlemaza?" mtu mmoja akauliza.

"Sijui," Prisca akajibu. "Hakuna anayejua."

Kisha akauliza, "Nani amekuja hapa kwa gari au bodaboda?"

Mikono mingi ilipanda.

"Na nani anakaa mbali kupita pale kanisani, mwendo wa dakika kumi tu?"

Mikono ikashuka, ikabaki miwili.

Nelson alisimama. Alikuwa amekonda. "Siku ile nilikuwa nakwenda kununua mkate," alisema. "Tangu nipate gari, miguu yangu ilikuwa imesahau dukani ni wapi. Ni hatua mia sita kutoka kwangu. Sasa naenda kwa miguu. Nazihesabu kila siku. Ni mia sita tu."

"Pole, mwalimu," akasema Mzee Abdala. "Lakini tuseme ukweli. Mkiweka nguzo za kuzuia magari kwenye ukingo, kama wengine mnavyotaka, wateja wangu watakwenda kwingine. Mnamwokoa mtu wa baiskeli, mnamuua mtu wa duka."

Baadhi ya akina mama wenzangu waliitikia. "Na sisi ndizi zetu tutaziuzia wapi? Chumbani?"

Hapo nikasimama. Nilitoa kifuani vile vitambaa vyekundu.

"Mnavijua hivi?"

"Ni vya kufungia mikungu yako, bibi Veronika," akasema mama mmoja.

"Siku ile mikungu yangu ilikuwa mbele ya yote. Nilimwambia Asajile azunguke. Alizunguka." Nikavikunjua vile vitambaa. "Baadaye nikaficha vitambaa, kama mwizi. Sina zaidi. Mimi ndizi zangu haziketi tena pale, hata nikila mizizi."

Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Mama mmoja alinigeuzia mgongo. Kijana wa bodaboda alitoka nje akinung'unika kwamba vikongwe tunawaharibia kazi. Mwenyekiti wa mtaa aliangalia meza yake.

Mzee Abdala ndiye aliyekohoa kwanza.

"Nyuma ya duka nina uwanja," alisema polepole. "Umejaa mabati mabovu. Nitausafisha. Magari yaingie huko. Keti, bibi, utaanguka."

Mwenyekiti hakuruhusu mtu kuchimba siku hiyo. Alisema barabara ina wenyewe. Aliandika barua kwa ofisi ya barabara ya wilaya, sote tukatia saini. Walikuja wakapima. Walichora mstari mweupe na kutuonyesha pa kuweka nguzo fupi za zege. Sisi tulichota mchanga na kubeba mawe. Mzee Abdala alitoa saruji. Nelson alichanganya zege kila jioni baada ya kazi, bila kusema na mtu. Akina mama tulipewa uwanja ulio kando ya ghala la zamani la kahawa.

Mwezi wa kwanza malori yalitupita. Ndizi ziliiva, zikaoza. Wenzangu walininunia, na sikuwalaumu. Mwezi wa pili dereva mmoja aliingia uwanjani, akawaambia na wengine. Hapo lori linasimama bila kuziba njia, na kupakia ni rahisi. Sasa tunauza kama zamani. Si kwamba yote yamenyooka. Nguzo moja imeshagongwa, na wapo wanaoegesha kwenye ukingo tukilala. Tukiamka tunawaambia waondoe.

Alfajiri moja nilisikia chwii, chwii. Sauti ikawa nzito. Kisha nikasikia madumu yakifungwa kwenye karia. Nilisimama dirishani, nimeshika ukuta.

Kengele iligongwa mara moja, taratibu.

"Shikamoo, bibi."

Ilikuwa sauti ya Tulia. Alivaa kizibao kinachong'aa, na taa ya mbele ilikuwa inawaka.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Amekuruhusu?"

"Jana Prisca alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu, ukingo wote mpaka zinapoishia nguzo na kurudi. Aliukagua kama fundi. Akasema, nenda."

Akaondoka. Nilimsindikiza kwa macho mpaka taa ikamezwa na ukungu. Niliketi hapo nikiomba mpaka niliposikia madumu matupu yakirudi yanagongana.

Siku hiyo nilivuka ile migomba michache. Mikono yangu ilikuwa mitupu. Asajile alikuwa amelazwa karibu na dirisha. Miguu yake chini ya blanketi ilikuwa myembamba kama ya mtoto.

"Karibu, bibi. Umechelewa."

"Nimechelewa, baba. Nimekuja kukuambia kuhusu ndizi."

"Nilijua," alisema. "Kitambaa chako chekundu nilikiona. Ndicho kitu cha mwisho nilichokiona kabla ya kuanguka."

Nilikaa chini kando ya kitanda. "Mbona hukusema? Miezi yote hii?"

"Ningesema, wangekufukuza barabarani. Una wajukuu watatu." Aligeukia dirishani. "Na nilikuwa na hasira, bibi. Siwezi kukudanganya. Kuna siku nilitaka kusema. Bado zipo siku naamka nikiwa na hasira."

"Una haki."

"Miguu nayo haitarudi kwa hasira."

Nilimnyooshea blanketi. Nje jogoo aliwika, na sote wawili tukamsikiliza, kama wageni. Nilipoona amechoka nikasimama, nikaaga.

"Bibi," akaniita nikiwa mlangoni. "Tangu useme kwenye mkutano, hakuna mtu anayeniletea ndizi. Wanaogopa kunikumbusha. Nakula ugali mpaka nimechoka."

Nilishindwa kujua nicheke au nilie.

"Njoo tena kesho," akasema. "Na usije mikono mitupu."