Taa Iliyozibwa kwa Utepe

Jamani, nisikilizeni, na msinikatize, maana nina hasira mpaka leo.

Asubuhi ile ilianza vizuri. Fundi cherehani wa mtaani kwetu, tunayemwita Injinia kwa majivuno yake juu ya gari lake kuukuu, alimkalisha mama yake kiti cha mbele, akamfunika magoti kwa shuka. Jicho moja la bibi yule lilikwisha kuzimwa na presha ya macho. Ili kuliokoa la pili, alipangiwa upasuaji siku hiyo katika mji wa jirani, na daktari bingwa anayekuja mara mbili tu kwa mwaka. Saa nane mchana daktari huyo anaondoka. Mke wa Injinia na mimi tulikaa nyuma. Bibi alikuwa akicheka, akisema akipona atachambua mchele mwenyewe, amechoka kutafuna mawe ya mkwewe.

Haikupita nusu saa, nikasikia harufu.

"Injinia, mbona kama kuna kitu kinaungua?"

"Ni joto la barabara, jirani. Tulia."

Nikachungulia mbele. Kwenye dashibodi, mahali pa taa ya joto la injini, palibandikwa kipande cha utepe mweusi.

"Ilikuwa inawaka kila siku," mkewe akanieleza kwa uchovu. "Baba watoto akasema inamsumbua macho, akaiziba."

Mnasikia maneno hayo? Mtu anaonywa, naye anamziba mdomo anayemwonya!

"Taa za magari ya zamani zinadanganya," Injinia akasema. "Miaka kumi na minne hakuna fundi aliyeligusa gari hili. Tunaelewana."

"Mnaelewana wapi?" mkewe akamkatiza. "Wiki mbili hizi linakunywa maji kama ng'ombe! Nilikuambia tupande basi."

"Mama yangu apande basi na mimi nina gari? Watu watanionaje?"

Injini ikaanza kugonga. Unajua alifanya nini? Aliongeza sauti ya redio. Tulipofika kwenye kilima, mvuke ukafuka mbele, gari likasimama katikati ya jua kali, hakuna hata kichaka cha kujisitiri. Ilikuwa saa nne na nusu.

Dereva wa lori akasimama. "Usifungue rejeta, mzee, liache lipoe kwanza. Huyo bibi nipeni, nafika mjini kabla ya saa sita."

"Asante, ndugu yangu. Ni dakika tano tu, tunaondoka."

"Mwanangu," bibi akasema taratibu, "si niende naye tu?"

"Mama, niamini."

Lori likaondoka. Na hapa najilaumu. Nilikwisha kumshika bibi mkono nimteremshe, nikauachia, kwa kuogopa kumwaibisha mwanamume mbele ya mgeni. Aibu gani hiyo? Hata sijui.

Injinia akafunika rejeta kwa tambara, akaifungua, akamimina dumu zima la maji baridi kwenye injini iliyochemka. Tukasikia *ta!* Chuma kimepasuka. Mkewe akakaa chini kando ya barabara, akalia kwa hasira. Magari yalipita bila kusimama, na tulipopata la kutubeba, ilikuwa saa nane kasoro.

Tulifika hospitali saa tisa na robo. Muuguzi alikuwa akikunja mashuka.

"Daktari aliwasubiri hadi saa nane na nusu. Mlikuwa wapi?"

Tulihangaika kutafuta hospitali nyingine, kila mahali foleni ya miezi. Kabla daktari yule hajarudi, jicho la pili nalo likazima.

Juzi Injinia alimshonea mama yake gauni, akamvalisha mwenyewe. Bibi akalipapasa kifuani, akapapasa pindo.

"Limenikaa vizuri, mwanangu. La rangi gani?"

Injinia akatoka nje haraka. Nilijibu mimi.

Funzo

Ndugu zangu, gari kuchakaa si kosa. Kosa ni kujua lina ubovu, kuuficha, kisha kumpakia mtu anayekutegemea. Ukionywa, simama ukague. Ukiletewa msaada, pokea, hata kama watu watakucheka. Na wewe uliyekaa nyuma ukaona, usinyamaze kwa kulinda heshima ya mtu. Mimi nilinyamaza, na sasa kila asubuhi namshika bibi mkono kumpeleka msalani. Hajawahi kunilaumu hata mara moja. Afadhali angenilaumu.